Mgeni ni Nani Sokoni? Historia ya Vizuizi vya Kisheria katika Uuzaji wa Hisa na Dhamana Afrika Mashariki, 1954–2017

Ikisiri

Makala hii inafuatilia namna sheria za Kenya, Tanzania na Uganda zilivyoamua, kati ya mwaka 1954 na 2017, nani aruhusiwe kununua hisa na dhamana na nani azuiwe. Inajengwa hoja kwamba vizuizi vinavyozungumzwa kwa jina moja la "masharti kwa wageni" ni vya aina tatu zenye asili na malengo tofauti: ulinzi wa mnunuzi, udhibiti wa fedha na ulinzi wa umiliki. Kuchanganywa kwa aina hizo, katika sera na katika istilahi za Kiswahili, kumeifanya mijadala ya soko la pamoja kuwa migumu kuliko inavyostahili. Mifano mikuu ni Soko la Hisa la Nairobi, toleo la hisa za Safaricom la mwaka 2008, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki na toleo la hisa za Vodacom Tanzania la mwaka 2017. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera na wanaistilahi.

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa bidhaa zinazoweza kuvuka mpaka, hisa ni nyepesi kuliko zote. Haihitaji lori wala ghala, haiozi njiani, na hakuna ofisa wa forodha wa Namanga au Malaba atakayeifungua na kuikagua. Hata hivyo, ni bidhaa chache zilizowekewa vizuizi vingi vya kisheria kama hiyo. Mfanyabiashara wa Busia aliweza kununua mahindi upande wa pili wa mpaka miongo mingi kabla sheria haijamruhusu jirani yake wa nchi nyingine kununua hatifungani ya serikali.

Wanahistoria wa uchumi wameyaeleza hayo kwa kutazama siasa za kila kipindi: ukoloni, utaifishaji, ulegezaji wa masharti ya uchumi, kisha utangamano wa kikanda. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi. Yanaacha swali moja ambalo ni la sheria na la lugha kwa pamoja: sheria inapomtaja "mgeni", inamtaja nani? Jibu la swali hilo limebadilika angalau mara nne katika kipindi kinachochunguzwa, na kila badiliko lilikuwa na watu waliojikuta nje ya mlango.

2.0 Aina tatu za vizuizi

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, inafaa kutenganisha mambo matatu ambayo kwa kawaida hufungwa katika furushi moja.

Aina ya kwanza ni kizuizi cha ulinzi wa mnunuzi. Mfano wake mashuhuri ni Sheria ya Dhamana ya Marekani ya mwaka 1933, iliyotungwa baada ya anguko la soko la New York la mwaka 1929. Sheria hiyo ilimtaka anayeuza dhamana kwa umma aziandikishe kwanza na kutoa taarifa kamili kuhusu kampuni. Swali lake kuu linahusu mahali: je, dhamana inauzwa ndani ya Marekani au nje? Mwaka 1990, kwa Kanuni S, mamlaka ya nchi hiyo ilifafanua kwamba mauzo yanayofanyika nje ya Marekani, kwa masharti maalumu, hayalazimiki kuandikishwa. Hapo ndipo ulipostawi utaratibu ambao msomaji wa nyaraka za matarajio huukuta hadi leo: kurasa za mwanzo zinazotangaza kwamba waraka huo si mwaliko kwa mtu aliyeko katika nchi ambayo mwaliko huo hauruhusiwi. Kizuizi cha namna hii hakimshuku mnunuzi. Anayeshukiwa ni muuzaji.

Aina ya pili ni udhibiti wa fedha za kigeni. Hapa swali si mahali pa mauzo bali ukaazi wa anayelipa. Serikali yenye akiba ndogo ya fedha za kigeni huhofia kwamba wakaazi wake watapeleka fedha nje, au kwamba fedha za nje zitaingia kwa kishindo na kutoka kwa kishindo. Anayelengwa ni shilingi yenyewe, na mtu huguswa kwa kuwa ndiye aliyeibeba.

Aina ya tatu ni ulinzi wa umiliki. Swali lake ni uraia: kampuni hii itabaki mikononi mwa nani? Viwango vya juu vya hisa zinazoweza kushikwa na wasio raia, na sehemu zinazotengwa kwa ajili ya wazawa, ni vya kundi hili. Kinyume na aina ya kwanza, anayeshukiwa hapa ni mnunuzi.

Mahali, ukaazi na uraia ni vigezo vitatu tofauti, na mtu mmoja anaweza kuwa mwenyeji kwa kimoja na mgeni kwa kingine. Mkenya anayeishi Boston ni mwenyeji mbele ya sheria ya umiliki ya nchi yake. Ila kwa udhibiti wa fedha anaweza kuhesabiwa si mkaazi, na kwa sheria ya Marekani yuko mahali ambapo hisa za kwao haziwezi kunadiwa kwa umma bila kuandikishwa au kupata msamaha wa kisheria. Neno moja, "mgeni", haliwezi kubeba mzigo huo wote.

3.0 Fedha iliyovuka na watu waliozuiwa, 1954–1963

Soko la Hisa la Nairobi liliundwa mwaka 1954 kama chama cha hiari cha madalali wa hisa. Kwa mujibu wa historia inayotolewa na soko lenyewe, biashara ya hisa wakati huo ilikuwa ya wakaazi wa Kizungu. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kushiriki hadi uhuru ulipopatikana mwaka 1963.

Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba soko hilo la kibaguzi lilikuwa pia soko la kikanda. Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1919. Kampuni zenye shughuli katika nchi zote tatu ziliweza kuuziwa hisa zake Nairobi, na mlowezi wa Arusha hakuhitaji kubadili fedha ili azinunue. Katika kipindi hicho, basi, mpaka wa nchi ulikuwa mwepesi na mpaka wa rangi ulikuwa mzito. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro au mfanyabiashara wa Kampala mwenye asili ya Kihindi alikuwa mgeni katika soko lililoendeshwa kwa sarafu iliyokuwa mfukoni mwake. Kati ya aina tatu zilizotajwa, hakuna hata moja inayokieleza kizuizi hicho. Hakikumlinda mnunuzi wala sarafu. Kiliulinda upendeleo wa tabaka moja.

4.0 Watu walioruhusiwa na fedha iliyozuiwa, 1966–1992

Uhuru uliondoa mpaka wa rangi, lakini muda mfupi baadaye ukaja mpaka wa sarafu. Mwaka 1966 kila moja ya nchi tatu ilianzisha benki kuu yake na kutoa shilingi yake. Tangazo la Azimio la Arusha, Februari 1967, lilifuatiwa na utaifishaji wa mabenki na kampuni kubwa nchini Tanzania, na kampuni za Tanzania zilizokuwa katika orodha ya Nairobi zikaondoka. Uganda nayo ilipita njia ya utaifishaji, na kampuni zake zikatoweka katika orodha hiyohiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, soko lililowahi kuhudumia nchi tatu lilikuwa limekwisha kuwa soko la nchi moja.

Hapo ndipo penye kinaya cha historia hii. Miaka ya 1950 fedha ilivuka mpaka kwa uhuru, ila watu wengi walifungiwa nje. Miaka ya 1970 watu hao waliruhusiwa, ila fedha zao hazikuruhusiwa kuvuka. Mwafrika wa Moshi aliyepewa haki ya kuwa mwanahisa hakuwa tena na njia halali na rahisi ya kununua hisa Nairobi, mji ulio karibu naye kuliko Dar es Salaam. Kizuizi kilikuwa kimehama kutoka katika ngozi hadi katika sarafu, na matokeo kwa mtu huyo yalikuwa yaleyale.

Haifai, hata hivyo, kuuona udhibiti wa fedha wa kipindi hicho kuwa ukaidi mtupu wa serikali. Nchi zilizotegemea mazao machache ya kuuza nje zilikuwa na sababu ya kuhesabu kila dola. Tatizo lilikuwa kwamba kizuizi kilichozaliwa na uhaba kiliendelea kuishi hata pale mazingira yalipobadilika, kwa kuwa kilikwishaanza kueleweka kama ulinzi wa taifa.

5.0 Kufungua kwa asilimia, 1992–2003

Ulegezaji wa miaka ya 1990 haukwenda kwa mwendo mmoja. Kenya iliruhusu wawekezaji wa nje kununua hisa Nairobi mwaka 1995, kwanza kwa kikomo cha asilimia 20 kwa wageni wote kwa jumla na asilimia 2.5 kwa mgeni mmoja. Mwaka huohuo vikomo hivyo vikapandishwa hadi asilimia 40 na 5. Mwaka 2002 kanuni mpya zilibadili sura ya hesabu: badala ya kumpimia mgeni kiwango, zilimtengea mwenyeji asilimia 25 isiyoguswa. Uganda iliifungua akaunti yake ya mitaji mwaka 1997, na soko lake la hisa lilipoanza kazi mwaka 1998 halikuwa na kikomo cha namna hiyo.

Tanzania ilitunga Sheria ya Fedha za Kigeni mwaka 1992 na Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana mwaka 1994. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo Aprili 1998, kampuni ya kwanza kuorodheshwa ikiwa TOL. Wageni hawakuruhusiwa kununua hadi mwaka 2003, kanuni zilipowapa kikomo cha asilimia 60 ya hisa za kampuni iliyoorodheshwa. Hatifungani za serikali zilibaki kuwa za wenyeji peke yao.

Katika kanuni hizo zote, udhibiti wa fedha na ulinzi wa umiliki vilianza kuvaa nguo moja. Asilimia 60 ya Dar es Salaam ilikuwa kanuni ya umiliki, lakini ilitetewa pia kwa hoja za uthabiti wa shilingi. Katazo la hatifungani lilikuwa la fedha, lakini lilizungumzwa kana kwamba deni la serikali ni mali ya urithi. Mtunga sera aliyetaka kulegeza kimoja alilazimika kujibu hoja za kingine.

6.0 Orodha zilizovuka bila wanunuzi

Mamlaka za masoko ya mitaji za nchi tatu zilitia saini hati ya makubaliano ya ushirikiano mwaka 1997. Mkataba wa kuanzisha upya Jumuiya, uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, nao ukaagiza uoanishaji wa masoko hayo. Matunda ya kwanza yalikuwa uorodheshaji wa kampuni moja katika masoko zaidi ya moja. East African Breweries iliorodheshwa Kampala mwaka 2001 na Dar es Salaam mwaka 2005. Kenya Airways ilitangulia kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Jubilee Holdings na KCB zikafuata.

Kwa macho ya sherehe, hayo yalikuwa mafanikio. Kwa macho ya mauzo, hisa hizo zilionekana ubaoni lakini zilibadilishana mikono kwa nadra. Kila nchi ilikuwa na hifadhi yake ya kumbukumbu za hisa, madalali wake na kanuni zake, na mkaazi wa Tanzania hakuruhusiwa kununua dhamana za nje bila idhini ya Benki Kuu. Kampuni ilikuwa imevuka mpaka, mwanahisa hakuvuka.

Toleo la Safaricom la mwaka 2008 lilidhihirisha pengo hilo. Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10, sawa na asilimia 25 ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara tano na zaidi, ikabidi waombaji wapewe sehemu ndogo ya walichoomba. Wakaazi wa Tanzania, jirani wa karibu mwenye mpaka mrefu na Kenya, walikuwa bado wamefungwa na udhibiti wa fedha wa nchi yao. Wakati huohuo, bei ya hisa hiyo ilishuka chini ya shilingi 5 kabla ya mwaka huo kwisha, dunia ikiwa katika msukosuko wa kifedha. Wanunuzi wadogo wa Kenya waliokopa ili wanunue walijifunza kwamba kutengewa sehemu si sawa na kulindwa. Kanuni ya umiliki ilikuwa imewahakikishia nafasi. Haikuwahakikishia kwamba wameelewa wanachonunua.

7.0 Itifaki na mabadiliko ya 2014

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, iliahidi usafirishaji huru wa mitaji na kuorodhesha miamala 20 ambayo nchi wanachama zingeiondolea vizuizi. Tathmini ya utekelezaji iliyochapishwa mwaka 2014 na Jumuiya kwa ushirikiano na Benki ya Dunia ilionyesha kwamba ni miamala 2 tu kati ya hiyo 20 iliyokuwa huru katika nchi zote tano za wakati huo.

Mwaka huohuo Tanzania ilipiga hatua kubwa. Kikomo cha asilimia 60 kiliondolewa, na wakaazi wa nchi za Jumuiya wakaruhusiwa kununua hatifungani za serikali hadi asilimia 40 ya toleo, huku wakaazi wa nchi moja wakizuiwa kuchukua zaidi ya theluthi mbili ya sehemu hiyo. Kenya nayo iliondoa sharti la asilimia 25 mwaka 2015. Kwa mara ya kwanza tangu 1966, sheria ya Tanzania ilitambua mtu wa kati: asiye mwenyeji, lakini asiye mgeni kamili. Kwa lugha ya kijamii, huyo ni jirani. Kwa lugha ya sheria, hana jina lake mwenyewe. Huelezwa kwa sentensi nzima.

8.0 Toleo la Vodacom Tanzania, 2017

Miaka miwili baadaye mwelekeo uligeuka. Sheria ya Fedha ya mwaka 2016 ilizitaka kampuni za simu kuuza asilimia 25 ya hisa zake kwa umma kupitia soko la Dar es Salaam, na umma huo ulifasiriwa kuwa ni Watanzania. Lengo lilikuwa la wazi na lenye heshima: sekta iliyokua kwa matumizi ya wananchi iwe na wananchi miongoni mwa wamiliki wake.

Vodacom Tanzania ilifungua toleo lake Machi 2017: hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, zenye thamani ya shilingi bilioni 476. Muda ulipokwisha, hisa zilikuwa hazijanunuliwa zote. Muda uliongezwa, na Bunge lilirekebisha sheria katikati ya mwaka huo ili wasio raia nao wanunue. Toleo likakamilika, na hisa zikaorodheshwa Agosti 2017.

Tukio hilo limesomwa na wengine kama ushahidi kwamba vizuizi vya uraia havina maana. Usomaji huo ni wa haraka. Lililoshindikana si lengo la umiliki bali dhana kwamba kumzuia mgeni kunatosha kumwezesha mwenyeji. Kununua hisa kunahitaji akiba, akaunti, dalali anayefikika na taarifa inayoeleweka. Kizuizi cha kisheria hakitoi hata kimoja kati ya hivyo. Kilichokusudiwa kuwa mlango wa wananchi kiligeuka kuwa ukumbi mkubwa wenye viti vitupu, na waliozuiwa ndio wakaja kuitwa wavijaze.

9.0 Suala la istilahi

Taarifa inayoeleweka ni suala la lugha, na hapo wanaistilahi wana deni. Neno "hisa" halina utata. Maana yake ya fungu au sehemu inamjulisha msikilizaji kwamba anashiriki faida na hasara. "Hatifungani" nalo ni zao zuri la uundaji wa ndani ya lugha. Lakini neno "dhamana", linalotumiwa kutaja vyote hivyo kwa pamoja, na ambalo limo katika jina la sheria ya Tanzania, lina maana nzito zaidi katika matumizi ya kila siku: ni kile kinachowekwa ili mtu aachiliwe na mahakama, au ahadi kwamba mkopo utalipwa. Mtu anayeambiwa kwamba ananunua dhamana ana haki ya kudhani kwamba fedha yake imedhaminiwa. Kwa hatifungani ya serikali dhana hiyo ina msingi. Kwa hisa ni hatari.

Vivyo hivyo kwa "mgeni". Katika utamaduni wa Waswahili mgeni hupokewa, na ujio wake huhesabiwa kuwa wa heri kwa mwenyeji. Katika kanuni za masoko neno hilohilo hutaja anayepimiwa. Pale ambapo sheria ina maana ya asiye raia, itamke hivyo. Pale ina maana ya asiye mkaazi, itamke hivyo. Kwa kuwa tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zinahitaji kutafsiriwa, uamuzi wa neno lipi litumike ni uamuzi wa nani ataingia sokoni.

10.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba mpaka wa soko la hisa la Afrika Mashariki umewahi kuchorwa kwa rangi, kwa sarafu, kwa uraia na kwa uanachama wa Jumuiya. Kila mara ulipohamishwa, maneno yaliyoutaja yalibaki yaleyale, na hivyo hoja za zamani ziliendelea kutetea vizuizi ambavyo sababu zake zilikwishabadilika.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, kila kanuni inayozuia uuzaji wa hisa au dhamana itamke lengo lake moja kati ya matatu, ili ipimwe kwa lengo hilo na iondolewe linapokwisha. Pili, sehemu inayotengwa kwa raia iandamane na mpango wa kuwawezesha, ukiwamo waraka wa matarajio wa Kiswahili wenye uzito sawa kisheria na ule wa Kiingereza. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na mamlaka za masoko ya mitaji kusanifu istilahi za pamoja, kwa kuanza na "dhamana", "mkaazi" na jina la yule mtu wa kati ambaye sheria ya mwaka 2014 ilimtambua bila kumpa jina. Jumuiya imekwisha kuzipokea Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia. Wanaoweza kudai nafasi ya jirani ni wengi zaidi kuliko walivyokuwa kanuni hizo zilipoandikwa, na wengi wao watataka kujua, kwa lugha wanayoielewa, kama mlango uko wazi kwao.